Korongo Wawili wa Buluu

Sahani mbili zililazwa mezani. Katika kila moja, korongo wa buluu alikuwa akinyanyuka kutoka kwenye matete. Kerttu Hakamäki, aliyefinyanga na kuchora vyombo mjini Porvoo kwa miaka arobaini na mitano, alifuta mikono kwenye aproni.

"Hii imetoka makumbusho," alisema Inspekta Lehmusto. "Hii nyingine tumeikamata mnadani. Oiva Pellinen alikuwa akiiuza. Zote zina sahihi yako nyuma, lakini kumbukumbu zinasema ulichora moja tu. Bandia ni ipi?"

Oiva. Mtu aliyemkandia udongo na kumwashia tanuri tangu ujana wao. Alikuwa nyuma ya mlango ule pale, kwenye chumba cha tanuri, na bila shaka alisikia kila neno.

Kerttu aliinama. Kutazama mara moja kulimtosha. Korongo wa makumbusho alikuwa akipaa kweli, hata upepo ungeuhisi chini ya bawa lake. Yule wa mnadani alikuwa amekakamaa kama nguo iliyoganda kambani.

"Zote zangu," akasema.

"Bibi Kerttu, ukitia saini hapa na ikaja kujulikana umedanganya, utakwenda ndani wewe. Uzee hautakuokoa."

"Kwani aliyechora ni mimi au wewe?"

Inspekta alimkazia macho, kisha akamsogezea karatasi. Kerttu alitia saini. Kalamu ilimponyoka, ikabingirika hadi sakafuni, na hakuna aliyeiokota. Inspekta alizifunga sahani kwenye blanketi, akaaga, na gari lake likapotelea kwenye theluji.

Oiva akatoka, uso umempauka.

"Kerttu, hukupaswa…"

"Nyamaza! Nimeapa uongo uzeeni kwa ajili yako! Ulikuwa na shida, si ungesema? Ningekuchorea hata kumi. Na kama ni kuiga, ungeiga basi! Bawa gani lile, utadhani limepigwa misumari! Miaka yote ubavuni mwangu, hukujifunza kitu?"

Oiva aliketi. Alivitazama viganja vyake.

"Ile ya mnadani uliichora wewe," akasema taratibu. "Yangu ndiyo iliyoko makumbusho."