Wa Kwanza Kuwasha

Kila asubuhi king'ora kilipolia, wakamuaji wa alizeti walishindana kuwasha mota zao. Wa mwisho alinunua chai. Na kila asubuhi swichi kuu ilikata umeme wa kiwanda kizima.

"Weka swichi kubwa zaidi, Bi Tabu, au nitafute fundi umeme mwingine," alisema meneja.

"Kubwa zaidi itanyamaza tu, bosi, huku nyaya zinaungua. Mota ikianza hula umeme mwingi kuliko ikizunguka. Hii inabeba mota zote zikizunguka, lakini moja tu ikianza." Akawageukia wakamuaji. "Leo mnawasha mmoja mmoja. Wa kwanza ndiye atakayenunua chai."

King'ora kikalia. Hakuna aliyegusa kitufe. Walitazamana wakicheka, hadi meneja, ambaye alikuwa hajawahi kuwasha chochote pale, akaanza kukunja mikono ya shati akielekea kwenye mota ya kwanza.