Pipa la Bi Mwanatumu

Siku hizi kila mtu hugawiwa maji ya siku, pamoja na pipa moja lenye lakiri, la kuoshewa akifa.

Sakafu ya bafu letu ilipasuka, tukawa tunapoteza maji ya kuoga, na ndiyo hayo hayo tunayofulia.

"Bajeti yenu imetosha mchanga na saruji," fundi Shekue alisema. "Maji ya kuchanganyia mtatoa wapi?"

Mama mkwe wangu, Bi Mwanatumu, akajibu, "Tumieni pipa langu."

Mume wangu alikataa katakata. Kesho yake mama akaikata lakiri mwenyewe.

Sakafu ilitoka nzuri. Nilipoanza kuzoa mchanga uliobaki, Bi Mwanatumu alinishika mkono.

"Usiutupe, mwanangu. Uchekeche, uuweke mahali safi. Siku yangu ikifika, mtanitayamamisha kwa huo, badala ya kuniosha kwa maji."