Mwenye Laini

Simu ya kumi na tisa asubuhi ile ilikuwa ya mama mmoja aliyenong'ona kama mtu anayejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Dada wa Kiti cha Saba, ndivyo wenzake walivyomwita, akabana vipokea sauti masikioni. Kampuni ya simu ilikuwa imehamishia huduma kwa wateja nchi hii ya mbali, kwenye mishahara ya chini, na masharti yake yalikuwa mafupi: usitaje ulipo, usitaje jina lako. Hata sauti ilipitishwa kwanza kwenye mashine ya kunyoosha lafudhi. Mteja alisikia sauti ile ile laini, hata akae nani kitini.

"Habari za asubuhi, mama. Nikusaidie nini?"

"Mwanangu, nimeletewa ujumbe kwamba kesho mnaifunga laini ya binti yangu."

"Laini isiyotumika miezi sita hufungwa, mama. Ndiyo sera."

"Haitumiki vipi, na mimi naipigia kila siku? Haipokelewi, halafu namsikia mwenyewe: 'Sipo kwa sasa, acha ujumbe.'" Sauti yake ikashuka zaidi. "Basi alilopanda liliungua, tukapewa mabaki, tukazika. Lakini yeye bado anasema kwa sasa."

Dada akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Mbona unanong'ona, mama?"

"Mkwe wangu, mume wa binti yangu, yuko sebuleni. Haipiti wiki hajaja kuuliza kama kuna mtu amenipigia. Kaburi halimtoshi yule. Alimtesa akiwa hai, sasa anamsaka akiwa maiti."

Msimamizi akapita nyuma ya kiti akigonga saa yake kwa kidole. Dakika nne zinazoruhusiwa kwa kila simu zilikuwa zimekwisha.

"Anayeweza kuizuia isifungwe ni mwenye laini peke yake, mama."

"Mwenye laini yuko mchangani, mwanangu."

"Pole, mama. Pole sana."

Alitaka kuongeza neno, lakini kila simu ilirekodiwa. Upande wa pili mlango ulilia, sauti ya kiume ikauliza, "Unaongea na nani?" na simu ikakatika.

Dada akangoja msimamizi apite. Kisha akafungua faili la laini ile, akabonyeza pa kuzuia isifungwe. Skrini ikadai neno la siri, lile analolijua mwenye laini tu.

Akaliandika mara moja, bila kukosea.