Vitufe vya Shekue

Siku ile mjinga alikuwa Shekue, fundi mitambo wa redio ya mji, ingawa cheo hicho cha ujinga alikikataa katakata. Asubuhi, bila kumwambia mtu, alipanga upya vitufe vya kompyuta ya studio, ili Ctrl na 1 zifungue programu ya muziki na kuanza kupiga papo hapo. Tangu zamani vitufe hivyo vilifungua matangazo ya vifo, na vidole vya mtangazaji, Bi Rukaya, havikuwa na habari ya mageuzi.

"Familia ya Mzee Mbaruku inasikitika kutangaza," Bi Rukaya akaanza kwa upole, akabonyeza ili tangazo lifunguke asome. Mji mzima ukasikia ngoma ya harusi, vigelegele na vyote.

Alitoka studio kwa hasira, akamwendea Shekue moja kwa moja.

"Dada, usinikaripie mimi," Shekue akawahi. "Mashine inafanya ilivyoambiwa. Ungeuliza kwanza."

"Niulize nini? Kama mlango wa chumbani kwangu umehamishwa?"

"Nilitaka kuokoa muda tu."

"Basi sasa unao tele. Nenda nao msibani ukamweleze mjane."