Korongo Apewa Njia ya Mtoni

Sikilizeni vizuri, sirudii. Kunguru alikuwa bosi wa ndege wote waliobeba abiria, na ndiye aliyewagawia njia. Korongo, mwenye mabawa ya kuvuka jangwa bila kutua, aliomba njia ya ng'ambo. Mama yake alikuwa huko, mgonjwa.

"Ng'ambo ataenda shemeji yangu Tausi," Kunguru akasema. "Abiria wanapenda mkia wake. Wewe vusha panya hapo mtoni."

"Bosi, Tausi hajawahi kuruka hata ua wa kuku!"

"Umekuja kuomba kazi au kunifundisha kazi?"

Korongo akavusha panya safari arobaini kwa siku, kuruka na kutua, kuruka na kutua, mpaka mabawa yakalegea. Tausi naye alichana mkia mwezi mzima, kisha siku ya safari akaanguka na abiria wake kwenye kichaka cha kwanza.

Kunguru akakimbilia mtoni. "Korongo, ndugu yangu! Ng'ambo ni yako, ruka sasa hivi!"

Korongo akaruka kwa furaha. Hakupita hata miti miwili, mabawa yakagoma, akashuka chini akihema.

Kunguru akawageukia abiria. "Mmeona? Ndiyo maana sikumpa."

Panya wa mtoni ndio waliokuwa wa kwanza kukubali kwamba bosi anajua kuchagua.