Hesabu kwenye Mlango wa Friji

Tangu sheria ya madirisha, hakuna nyumba inayofungua dirisha mpaka Mizani, mashine ya ukutani inayokokotoa gesi za kila chumba, iruhusu. Bi Nyamizi aliichukia tangu siku ilipopigiliwa misumari.

Mchana huo Kabula, mke wa mwanawe, alibandika maharage huku akilalamika kichwa kinamgonga. Mtoto mgongoni alikuwa amelegea kama kitambaa.

“Mizani inasema hewa ni salama, mama.”

“Inajua nini hiyo?” Bi Nyamizi alichukua chaki, akaanza kukokotoa kwenye mlango wa friji. Ndivyo yeye na wenzake walivyofanya miaka ile walipofanya kazi kwenye tanuri la chokaa: unakisia kiasi cha kila gesi, unasawazisha kaboni na oksijeni, unarudia mpaka namba zitulie. Walijifundisha wenyewe, wakizomeana juu ya vikombe vya chai. Wenye shahada waliwacheka, kisha wakanakili.

“Mama, hesabu ya mkono ni kosa!”

“Kosa ni hili hapa. Mashine inadhani gesi zinapata muda wa kutulia. Moto ukigusa sufuria la maji baridi, moshi unapoa ukiwa bado na sumu.”

Akazima jiko, akasukuma dirisha. Mizani ikapiga king’ora. Kabula akamshusha mtoto mgongoni, akamtoa uso nje ya dirisha; mtoto akakohoa, akalia kwa nguvu.

Kule tanurini, aliyepata jibu la sumu kama hilo alipiga ukelele, na wote walitoka mbio bila kuuliza. Bi Nyamizi akaupiga ukelele uleule. Mtaa mzima madirisha yalikuwa yamefungwa, na kila jiko lilikuwa linawaka.