Wimbo wa Mchi

Mimi mwongo hanipiti, namjua kwa kikohozi chake tu. Ila huyu wa leo nilisimuliwa, maana siku yenyewe nilikuwa nimelala.

Salha alikuwa mtafiti wa nyimbo za kutwanga. Miaka mitatu alizirekodi ua kwa ua, naye akatwanga mpaka viganja vikaota sugu. Msomi gani mwingine angekubali? Kisha serikali ikatangaza kwamba itagharimia utafiti wa nyimbo zinazokaribia kufa tu. Bila fedha hizo, kazi ya Salha ingeishia hapo.

Ofisa wa utamaduni, Bwana Shaweji, akaja na fomu yake, pamoja na Salha, kwa Bi Mize, mwimbaji mkongwe.

"Wanaoujua wimbo wako huu wa kutwanga wamebaki wangapi, mama?"

"Mimi tu, baba. Nikifa, nao umekwenda."

Salha akatazama chini.

"Hebu uimbe niusikie."

Bi Mize akashika mchi, akaimba. Uzee wote ukamtoka. Hata ofisa akasahau kalamu. Kufika ubeti wa tatu, ofisa akainua kichwa. Ua wa kulia, wa kushoto na wa nyuma, michi ilikuwa ikianguka pamoja na wa Bi Mize, pigo kwa pigo.

Bi Mize akanyamaza ghafla. Michi yote ikanyamaza.

"Wale ni kina nani?" akauliza ofisa.

"Mimi najuaje, baba? Wapita njia."

Nyuma ya uzio wa makuti mtu akapaza sauti: "We Bi Mize! Mbona umetuacha na michi juu?"